Historia Iliyopandwa Uani

Ukifungua kitabu cha historia cha sekondari utakuta masultani, magavana, meli za kivita na tarehe za mikataba. Ni mambo ya kujua, sikatai. Lakini jiulize swali moja dogo: siku ile manowari ilipozama, siku ile gavana alipotia sahihi, watu walikula nini jioni? Nani aliichuma mboga, na aliichuma wapi? Swali hili halimo kwenye mtihani. Ndiyo maana wengi wetu tumemaliza kidato cha nne tukijua kwamba manowari ya Kijerumani Königsberg iliangamizwa katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915, lakini hatujui kisamvu kilifikaje kwenye sufuria ya nyumbani kwetu.

Nataka tuingie kwenye historia kwa mlango wa uani. Mahali penyewe ni Mtawanya, kata mojawapo ya Wilaya ya Kibiti, mkoani Pwani. Ni nchi ya juu, nchi ya mchanga, ya mikorosho, minazi na mihogo. Ukishuka kusini unaukuta mto Rufiji na bonde lake. Ukielekea mashariki unaikuta delta yenye mikoko na maji ya chumvi. Huku kwetu husikii mtu akisema "naenda bustanini." Bustani ni neno la shuleni na la bwana shamba. Mwanamke anakwambia "nachuma mboga nyuma ya nyumba," basi. Lakini hapo nyuma ya nyumba, kati ya jiko na choo cha kuogea, pana mambo ya miaka elfu mbili.

Tuanze na majina, maana majina hayasahau upesi kama watu. Mkorosho wengine huuita mkanju, na neno kanju limetoka kwenye lugha ya Wareno, ambao waliutoa mti huo Brazili katika karne ya 16 wakauleta pwani ya Afrika Mashariki. Nanasi nalo ni neno la Wenyeji wa Amerika ya Kusini lililopita vinywani mwa Wareno. Muhogo, mahindi, papai, pera, viazi vitamu, pilipili, nyanya na maboga, vyote hivyo mababu zao wako Amerika. Kwa hiyo kisamvu na matembele, mboga ambazo tunaapa kwamba ni za kwetu tangu Adamu, ni wageni waliovuka bahari. Mwembe na mbilingani asili yao ni upande wa Bara Hindi. Mwarobaini na mlonge vilevile. Wenyeji kabisa wa Afrika katika chungu chetu ni kunde, mtama na mlenda. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliandika habari za ndizi na malimau. Hakuandika habari za muhogo, na hakuwa na sababu ya kuandika, maana ulikuwa haujafika.

Je, hii maana yake ni kwamba hatuna chetu? Hapana. Maana yake ni kwamba watu wa pwani hawakukaa kitako kungoja kuletewa maendeleo. Mgeni alipokuja na mbegu, waliitazama, wakaionja, wakaijaribu uani. Iliyofaa ilibaki, isiyofaa ikatupwa. Shamba kubwa huwezi kulichezea, kwani ukikosea huko mnakufa njaa. Uani ndipo mahali pa kujaribia. Ni mara chache tunakumbuka kwamba waliofanya majaribio hayo, kwa sehemu kubwa, walikuwa wanawake.

Na ukulima wenyewe katika eneo hili ni wa kale. Mwanaakiolojia Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba sehemu mbalimbali za Rufiji na Kibiti, akakuta mabaki ya wakulima wafua chuma walioishi hapa karne za mwanzo baada ya Kristo. Mwaka 1999 alitangaza habari za shanga za kioo kutoka himaya ya Rumi zilizopatikana Mkukutu, huku huku Kibiti. Shanga zimepewa makala katika majarida ya nje. Majani ya kunde ya mwanamke aliyezivaa shanga hizo yameoza zamani. Huo ndio udhaifu wa historia ya mboga: ushahidi wake huliwa.

Sasa tuje kwenye pamba. Mwaka 1902 serikali ya Kijerumani chini ya Gavana Götzen ilianzisha mashamba ya pamba ya lazima, kila jumbe na shamba lake. Watu walitolewa majumbani kwenda kulima zao ambalo halipikwi wala halitafunwi, na ujira wake ulikuwa senti chache tu. Vitabu vinasema "kilimo cha kulazimishwa" kisha vinafungua ukurasa mwingine. Tusimame hapo kidogo. Pamba inataka palizi wakati ule ule ambao mahindi na mpunga vinataka palizi. Inataka kuchumwa wakati ambao mtu anatakiwa awe kwake, akilinda mavuno yake dhidi ya nguruwe mwitu na nyani. Siku unayoitoa kwa pamba ya jumbe ni siku uliyoiiba kwenye chungu cha watoto wako.

Ndiyo maana vita vya Maji Maji vilianza vile vilivyoanza. Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu hawakuanza kwa kurusha mshale. Walianza kwa kung'oa miche ya pamba. Yaani tangazo la vita lilikuwa tendo la shambani, na kila mkulima alilielewa bila kusomewa. Mwezi uliofuata Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro, Rufiji. Kisha Wajerumani nao wakajibu kwa lugha ile ile ya mimea: wakachoma mashamba na maghala. Wanahistoria wanakadiria waliokufa kuwa kati ya 75,000 na 300,000, na wengi wao hawakufa kwa risasi, walikufa kwa njaa. Vita vilianza kwa kung'oa mmea na vikamalizwa kwa kuchoma chakula. Baada ya hapo, aliyekuwa na kishina cha muhogo kilichochipua au mbegu chache alizozificha ndiye aliyeanza upya.

Waingereza walipoitwaa Tanganyika waliendelea kuamrisha. Sehemu nyingi za nchi ziliwekewa sheria ndogo za kumtaka kila mtu apande muhogo wa akiba ya njaa. Mikorosho nayo ikaenea, na baada ya Uhuru ikawa tegemeo la pwani yote ya kusini.

Lakini jambo kubwa kuliko yote katika historia ya uani wa Rufiji lilitokea baada ya Uhuru, nalo watu wa rika letu wanalisikia juu juu tu. Zamani wengi waliishi bondeni, karibu na mto. Mto Rufiji ulikuwa ukifurika, kilele chake mara nyingi ni mwezi wa Aprili, na maji yakiondoka yaliacha tope lenye rutuba. Kwenye tope hilo watu walipanda mara ya pili, mahindi, pamba na mboga, bila kungoja mvua. Kilimo hicho kinaitwa mlau. Fikiria ujanja wake: mafuriko yanakula mazao yako ya masika, kisha yanakulipa kwa ardhi mpya. Na ili kuishi na maji pamoja na wanyama, watu walijenga madungu, vibanda vya juu ya nguzo. Mtu aliweza kukaa dunguni miezi kadhaa akilinda mpunga, huku pembezoni ana maboga yake, kunde zake na mwembe wa babu yake.

Mwaka 1968 mafuriko yalikuwa makubwa. Serikali, ambayo mwaka mmoja kabla ilikuwa imetangaza Azimio la Arusha na siasa ya Ujamaa Vijijini, iliamua kuwahamisha watu wa bondeni kuwapeleka nchi ya juu. Hiyo ndiyo Operesheni Rufiji ya 1968 na 1969, miaka kadhaa kabla ya operesheni za vijiji vya nchi nzima. Shabaha ilikuwa njema kwa maneno: shule, zahanati, maji ya bomba, usalama na mafuriko. Na ni kweli shule zilikuja, hatuwezi kukanusha, wengi wetu tusingejua kusoma. Lakini mtu akihama na godoro na kuku, hahami na mwembe. Mnazi haubebwi kwenye lori.

Mwaka huo huo wa 1969 ndipo ilipochapishwa tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, tunayoipenda sote. Taifa lilikuwa linamkumbuka mtu wa Rufiji jukwaani wakati watu wa Rufiji walio hai wanapanga mizigo. Sisemi hivi kwa ubaya. Nasema tu kwamba tarehe mbili zinaweza kukaa jirani katika kalenda na zisisalimiane vitabuni.

Kiswahili kina neno moja zuri na la huzuni: mahame. Ni mahali palipokuwa na watu, wakahama. Na mahame hutambulikana kwa mimea. Ukitembea porini ukaona mwembe mkubwa, minazi miwili na mkwaju, si uote wa bahati. Palikuwa na nyumba hapo. Palikuwa na mtu aliyekula embe akatupa kokwa karibu na majitaka. Nyumba ya udongo na makuti huanguka ndani ya misimu michache, kaburi lisilojengwa hupotea, lakini mwembe husimama miaka mia. Kwa hiyo miti ya bondeni ni daftari la sensa la watu waliohamishwa, na wanaoweza kulisoma wanazidi kupungua.

Matokeo mengine yalikuwa ya kila siku. Shamba la mpunga lilibaki bondeni, mtu analala nchi ya juu. Ama utembee mwendo mrefu kwenda na kurudi, ama uende ukalale dunguni na kuiacha familia. Hatari yake si hadithi. Kati ya mwaka 2002 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 30 katika Rufiji, na miongoni mwao walikuwapo waliolala shambani kulinda mazao yasiliwe na nguruwe mwitu. Shamba lilipokwenda mbali, uani ukapanda cheo. Mboga ya leo jioni haiwezi kungoja mtu atembee nusu siku. Ikabidi mchanga wa nyuma ya nyumba ufundishwe kuzaa.

Nao ulifundishwaje? Hapa naomba msomaji wa mjini asiruke, maana hapa ndipo penye elimu. Mchanga wa nchi ya juu haushiki maji. Umwagilie asubuhi, saa sita umekauka. Basi bibi zetu hawakulima tuta refu kama la shuleni. Walichimba shimo, wakajaza takataka za jikoni, majani makavu, majivu na samadi ya kuku, wakafukia, ndipo wakapanda. Maji ya kuogea yalielekezwa kwenye mgomba na mpapai. Maji yaliyooshea mchele na vyombo yalikwenda kwenye mchicha. Hakuna tone lililotumika mara moja tu.

Mbegu ya mchicha ni ndogo kama unga, kwa hiyo inachanganywa na mchanga mkavu ili isirundikane mahali pamoja inaponyunyizwa. Baada ya wiki tatu au nne unachuma, lakini hung'oi. Unakata ncha ili shina lichipue pembeni. Matembele hayana haja ya mbegu, unafukia marando tu. Muhogo unafukia vipande vya mti, na ukichuma kisamvu hupokonyi majani yote, kwani mzizi nao unataka kula. Bamia mbili tatu huachwa zikomae na kukauka mtini kwa ajili ya mbegu. Magunzi ya mahindi ya mbegu hutundikwa juu ya meko, moshi uyalinde na bungua. Mbegu za maboga na kunde huchanganywa na majivu. Majani ya mwarobaini hutwangwa na kulowekwa, maji yake machungu yakanyunyizwa kwa wadudu. Na kuku? Kuku ndiye adui wa ndani. Kitalu kinazungushiwa miiba au makuti, na mtoto anakabidhiwa fimbo.

Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Aliyeko mbali na upwa naye ana ugaagaaji wake, na ndio huo. Wali mkavu hauliki, jamani. Mwenye mchicha na nazi mbili ana kitoweo, na mwenye kitoweo hakopi kwa jirani.

Elimu hii ilikuja kuliokoa taifa zima, si Rufiji peke yake. Mwaka 1974, baada ya ukame, tuliambiwa ni Kilimo cha Kufa na Kupona. Shuleni kila darasa likapewa tuta kwa jina la Elimu ya Kujitegemea. Miaka ya themanini maduka yalipokuwa matupu na mshahara ukawa haufiki katikati ya mwezi, Dar es Salaam ikageuka shamba. Makarani walipanda matembele mbele ya nyumba za serikali. Mchicha ukastawi bonde la Msimbazi. Waingereza nao, wakati wa Vita Kuu ya Pili, walichimba nyasi zao za mapambo wakapanda viazi, na hadi leo wanajivunia na kuandika vitabu. Sisi tulifanya hivyo hivyo, tena bila mabango, na hatujaandika kitu. Tunaona aibu, eti ni mambo ya dhiki.

Wakati huo huo mikorosho ilikuwa inakufa. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho tani 145,000 hivi. Msimu wa 1986/87 zilibaki kiasi cha tani 17,000. Ugonjwa wa ubwiriunga ulichangia, bei mbaya ilichangia, na kuhamishiwa vijijini mbali na miti kulichangia pia. Mti usiopaliliwa chini yake hauzai, na mwenye mti akiwa mbali nani atapalilia? Baadaye salfa ilikuja, bei zikapanda, korosho zikarudi. Lakini funzo ni lile lile: mmea unamtaka mtu karibu.

Sasa tufike penye mfupa. Pwani yetu miti ina sheria yake ya tangu zamani: aliyepanda mnazi au mwembe ndiye mwenye neno juu ya mahali pale. Mti wa kudumu ni hati. Mboga ya msimu si hati. Na kwa kawaida nani hupanda miti? Wanaume. Nani hupanda mboga? Wanawake. Unaona hesabu inakokwenda?

Katika ukoo wetu palitokea mgogoro wa kipande cha ardhi Mtawanya. Wazee wakakaa, na swali lao la kwanza likawa: mnazi ule nani aliupanda? Likajibiwa, na kipande kikaenda upande wa aliyeupanda. Bibi yangu alikuwa amelima mchicha, bamia na mihogo chini ya mnazi huo tangu mama yangu hajazaliwa. Hakuna aliyemwuliza alipanda nini. Bibi hakugombana. Mvua za vuli zilipoanza alipanda miembe mitatu nyuma ya nyumba yake, kwa mstari ulionyooka, pale pale kwenye mpaka. Nilipomwuliza ni ya nini, alisema, "Hii ndiyo wanayoisoma."

Sheria ya nchi imekwisha kusema mengine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inatamka kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Ni maneno mazuri. Lakini sheria iko kwenye gazeti la serikali, na baraza liko chini ya mwembe.

Kibiti yenyewe imebadilika. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, na watu wakaacha kungoja kivuko cha Ndundu. Katikati ya miaka ya 2010 Kibiti ikamegwa kutoka Rufiji ikawa wilaya. Juu ya mto, bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Aprili 2024 mvua kubwa na mafuriko vilizamisha tena mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti, na wazee wakapata la kuwasimulia vijana kuhusu 1968. Barabara inaleta wanunuzi wa viwanja, na dukani kuna mbegu za pakiti. Mbegu chotara huzaa vizuri, lakini ukizihifadhi zile ulizovuna ukapanda tena, hazizai kama mwanzo. Kila msimu unarudi dukani. Sisemi tuzikatae. Bibi zetu hawakukataa muhogo wa Mreno. Lakini wao walipopokea kigeni hawakutupa cha zamani, walivipanda jirani.

Vijana wenzangu tunaojaribu kuandika, haya yanatuhusu moja kwa moja. Soma hadithi zetu nyingi uone: shujaa anakaa "chini ya mti", anapita "kwenye maua", anakula "mboga". Mti gani? Mboga gani? Nani aliipanda, na ardhi ni ya nani? Mwandishi asiyejua jina la mmea ulio uani kwa mhusika wake hajui mhusika huyo alihama lini, alinyang'anywa nini, na anaogopa nini usiku. Ukimjulisha kwamba ana mwembe mmoja mzee na mbegu za kunde ndani ya chupa yenye majivu, umekwisha kuandika nusu ya sura.

Basi, likizo au sikukuu ukienda kwa bibi, iwe Mtawanya, Mohoro au Mbagala, chukua daftari. Zunguka naye nyuma ya nyumba, andika kila mmea: jina analouita yeye, aliyempa mbegu, mwaka alioupanda, mvua iliyokuwapo, ugomvi uliokuwapo. Mwulize na ile iliyokuwepo zamani ikapotea. Usingoje mpaka uwe mwandishi mkubwa. Wenye kumbukumbu hiyo wana umri mkubwa, na mboga, kama nilivyosema, haiachi ushahidi.